Kwa Nini Mwende Anaanzisha Mpira kutoka Chini

Machakos

Baba yangu,

Shikamoo. Najua Zuhura ndiye anayekusomea, kwa hiyo naye apokee salamu zangu hapa hapa, na nimwombe jambo moja: asiruke mstari. Zuhura, mdogo wangu, nakujua. Ukiona mahali patakapomuudhi Baba unakohoa, unafunua ukurasa mwingine. Safari hii soma yote, hata pale penye uchungu.

Habari ya kifua, Baba? Nimesikia dawa mpya inakupa usingizi na kwamba umeanza tena kwenda msikitini kwa miguu yako mwenyewe. Nilifurahi sana. Mimi sina ugonjwa wa kuutaja. Nina uchovu tu, ule usioisha hata ukilala, na sijui ninunue dawa yake duka gani. Nimeandika nikufikie kwa barua kwa sababu simu imenishinda. Ile siku tuliyozungumza, sikujua kama laini ilikatika au uliikata, na tangu hapo nikipiga hushiki. Maneno yako ya mwisho nimekuwa nikitembea nayo kila mahali. Ulisema, “Kama siku hizi wafundishwa na watoto, basi mimi usiniite tena mwalimu wako.”

Baba, maneno hayo yameniuma. Nasema wazi ili usidhani nimeyapokea kama upepo. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningecheka, lakini raketi ya kwanza niliyoishika uliiweka wewe mkononi mwangu, na kila mkate ninaokula umepitia mkono huo. Kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho, kisha useme utakalo.

Huku ni msimu wa baridi. Sisi watu wa pwani tukisikia Ukambani tunafikiria jua na vumbi. Vumbi lipo, lakini miezi hii mawingu hukaa juu ya vilima hadi adhuhuri na mtu huvaa sweta juu ya sweta. Magoti yangu huitambua baridi kabla sijafungua dirisha. Asubuhi niko kilabuni mjini, nafundisha tenisi waheshimiwa wanaotaka kupunguza tumbo, pamoja na wake zao, ambao hucheza vizuri kuliko wao ila mimi sina ruhusa ya kusema. Alasiri nakwenda upande wa Kola, kwenye shule ya wasichana. Kiwanja cha huko ni cha maramu, udongo mwekundu ulioshindiliwa. Kabla ya kufundisha lazima kifagiliwe, kimwagiwe maji kama yapo, kivutiwe roli la zege la kukisawazisha, halafu mistari ipigwe chokaa. Maji mara nyingi hayapo, basi tunacheza ndani ya vumbi, na nikipiga chafya usiku leso inakuwa nyekundu kwa udongo. Nikirudi chumbani napasha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nakula bila kuvua viatu, nalala. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nachezea ugenini.

Sasa nikueleze habari ya Mwende, maana Salim alikupa nusu yake. Simlaumu Salim. Wewe ulimfundisha kama ulivyonifundisha mimi, na alipokuja huku na wachezaji wa kilabu chetu cha Mombasa, alichokiona alikiona kweli. Alikuambia mwanafunzi wangu anaanzisha mpira kutoka chini, kama mtoto anayemtupia mwenzake jongoo, na kwamba mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mtoto wa shule nikimuuliza tufanye nini. Yote mawili ni kweli.

Mwende ni msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye miguu myepesi. Hukimbilia mpira ambao wenzake wameshauaga. Siku ya kwanza nilipomwona nilisema moyoni, Baba angempenda huyu. Tatizo lake lilikuwa sevu, lile pigo la kuanzisha mpira. Wewe ulituambia sevu ndiyo bismillahi ya mchezo, anayeikosea amekosea yote. Mwende alikuwa akiutupa mpira juu vizuri, mkono unanyooka, lakini kichwa hakipandi. Macho yanabaki kwenye neti, raketi inapita hewani au inaupiga mpira kwa fremu. Nikamfanyia kila ulichonifanyia mimi. Nilimpigia kelele, “Macho juu!” Nilimsimamisha pembeni autupe mpira na kuudaka mpaka mkono uishiwe nguvu. Nilimnyima kucheza. Muhula mzima ulipita hivyo, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa, kwa sababu huku mtoto akikaripiwa hutazama chini, ndiyo adabu yao. Mimi namwambia atazame juu, yeye anasikia mtu mzima amekasirika, anatazama chini. Unaona tulivyokuwa tukizunguka.

Kosa lake nililitafuta kwenye mkono, nikalitafuta kwenye bega, na mwishowe nikalitafuta kwenye tabia. Nikaamua kwamba ni mkaidi. Nilimwambia mwalimu wa michezo tumtoe kwenye timu, na akakubali kwa kusitasita, akasema tusubiri kidogo.

Kati ya hapo na mchujo wa shule, ule wa kuchagua watakaoendelea mbele, kamati ya kilabu ikatangaza kwamba kocha asiyehudhuria kozi hataendelea na kazi. Nikaenda. Ungenihurumia, Baba. Mtu wa umri wangu kwenye kiti cha plastiki, nimeshika kalamu, mwalimu wangu akiwa binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Anaitwa Nduku, mzaliwa wa hapa hapa Machakos, amecheza mpaka goti likamkataa ndipo akageukia kufundisha. Asubuhi ya kwanza alitutaka kila mmoja aseme mwaka huu amejifunza nini kutoka kwa mwanafunzi wake. Wenzangu wakasema hiki na kile, wengine nadhani walitunga. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikasema kwamba kwetu mwanafunzi haulizwi, anaonyeshwa. Darasa likacheka, nami nikakaa nikiwa nimeridhika.

Nduku hakucheka. Alisema taratibu, bila dharau, “Sawa, mwalimu. Na akishindwa kufanya yenye umemwonyesha, unajuaje ni nini imemshinda?”

Nilikasirika, ile hasira ya mtu aliyechoka, isiyo na nguvu ya kugombana, na chakula cha mchana nikala peke yangu nyuma ya gari la mtu. Nilikuwa nikijiambia kwamba sisi nasi tuna methali yetu, kuuliza si ujinga. Kisha nikagundua kwamba tangu nizaliwe nimewaambia methali hiyo wanafunzi, sijawahi kujiambia mwenyewe. Alipotuaga, Nduku alitupa kazi moja: kila mtu amchague mwanafunzi anayemsumbua zaidi, aache kumsahihisha kwa muda, amuulize tu. Nikaona ni mchezo wa kitoto. Lakini swali lake lilipanda nami gari hadi Kola.

Usidhani lilikuwa jambo rahisi. Siku kadhaa nilifika kiwanjani nikiwa nimeliandaa swali, nikimtazama Mwende, na ulimi unakuwa mzito. Niliona kama nikiuliza tu kiwanja kizima kitajua kwamba sijui. Mwisho nilimwita kando, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, nikamuuliza, “Ukiutupa mpira juu, unasikia nini?”

Alichora udongo kwa kiatu. Nadhani alikuwa akitafuta mtego uko wapi. Halafu akasema, “Shingo inakataa, mwalimu. Inauma hapa, nikiinua inafunga.” Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kisima cha shule, walikokuwa wakichota maji, kikauke. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Hukuuliza,” akasema.

Zuhura, hapo usikohoe. Endelea.

Jumamosi nilikwenda kwao. Mwende anaishi na nyanya yake, mama mzee mwenye sauti kavu na macho yanayocheka kabla ya mdomo, kwenye shamba lililo chini ya kilima. Mto wao miezi hii isiyo na mvua hauna maji juu, ni mchanga mtupu. Watu huchimba shimo, wanangoja maji yachuruzike, wanayachota kwa kikombe mpaka mtungi wa plastiki ujae. Kisha mtungi huwekwa mgongoni, ukashikiliwa na mkanda wanaouita mukwa, na mkanda huo hupitishwa kwenye paji la uso. Mtu anapanda kilima ameinama, uzito wote umening'inia kichwani. Mwende hufanya hivyo alfajiri na hurudia akitoka kwangu.

Baba, mimi wanawake hawa na mabinti zao nimekuwa nikiwapisha njia kila siku tangu nifike huku. Nimewaona wameinama na mitungi yao, nikawaamkia, nikapita, nikaenda kumfokea mmoja wao kwamba hainui kichwa. Sisi kwetu maji huletwa na mkokoteni hadi mlangoni. Sikuwahi kuyafikiria kuwa yanabebwa na shingo ya mtu.

Nikaomba nijaribu. Nyanya alicheka hadi akakaa chini. Walinifunga mtungi, wakanivisha mkanda, na hatua chache tu nikahisi shingo imegeuka boriti inayobeba nyumba. Mwende akaniambia, kwa adabu kabisa, nitazame juu ya kilima. Sikuweza. Nilijitahidi nikaona vidole vya miguu yangu na mavi ya mbuzi. Nyanya akauliza, “Kwani huko kwenu maji inabebwa na nani?” Nikamwambia mkokoteni. Akasema, “Basi lete mkokoteni.”

Baadaye, nilipokuwa nikipumua, alisema bila utani kwamba yeye alibeba hivyo hivyo hadi shingo yake ikazoea, lakini ya huyu mtoto bado inakataa, na hana mtu mwingine. “Niko na yeye peke yake,” alisema. Tulimpeleka Mwende kwenye zahanati. Muuguzi alimbonyeza shingo, akasema misuli imekaza, apumzike, asibebe mizigo. Nyanya akaitikia kwa heshima na jioni ile ile maji yakaenda kuchotwa, maana ng'ombe hawajui habari ya muuguzi. Walichokubali ni mtungi mdogo na safari nyingi zaidi. Huo ndio ushindi wangu, Baba. Binti anatembea zaidi ili abebe kidogo.

Mchujo ulikuwa unakaribia na shingo haiponi kwa dua ya siku moja. Nikamuuliza tena, na safari hii ulimi haukuwa mzito sana, kwamba afanye nini ikiwa juu hapaendeki. Akafikiri. Kisha akauachia mpira chini ya kiuno, akaupiga kutoka chini kwa kuzungusha kifundo cha mkono, kama mtu anayepeta mahindi. Mpira ukapita neti karibu uiguse, ukadondoka, ukatambaa kwenye maramu bila kuruka. Nilitaka kumwambia hivyo ni vya watoto. Sauti yako ilikuwa imeshafika mdomoni mwangu. Lakini nilikumbuka kwamba sheria haikatazi, na kwamba mimi mwenyewe, nikiwa upande wa pili, mpira ule ningeufikia umeshalala.

Tukaushughulikia. Nilikuwa namfundisha jambo nisilolijua, kwa hiyo nilisimama upande wa pili anianzishie, niuone unakuja vipi, nimweleze. Alinipigia mipira mingi. Wenzake walicheka kumwona kocha akianguka magoti, nami nikacheka nao. Kuna siku nilitoka kiwanjani nimechoka kama kawaida, lakini nilikuwa nikiwazia mpira njia nzima, kama zamani nilipokuwa kijana na wewe umenifundisha kitu kipya. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kuchoka kwa namna hiyo.

Mchujo ulifanyika kwenye kiwanja cha kilabu mjini, na ndipo Salim alipokuwepo. Mwende alipoanzisha mpira wa kwanza kutoka chini, watu walicheka. Mwalimu wa shule pinzani alimuuliza mwamuzi kama inaruhusiwa. Mpinzani alikuwa binti mrefu mwenye sevu nzuri, kama ulivyotufundisha, kichwa juu, mkono mrefu, lakini aliikimbilia mipira ya Mwende akichelewa kila mara. Seti ya kwanza ikawa yetu. Walipobadilishana pande nilichuchumaa mbele yake nikamuuliza anaona nini. Akasema, “Amesongea mbele, mwalimu. Ananingoja karibu. Nitupe mbali, ama?” Nikamwambia, “Wewe unaonaje?” Hapo ndipo Salim alipopita nyuma yangu. Nilimsikia akifyonya kidogo kwa ulimi, ile ‘ts’ yetu ya dharau, na nikajua habari itafika Mombasa kabla yangu.

Natamani niandike kwamba tulishinda. Ningekuwa na la kukuonyesha. Yule binti alikuwa na akili, alishajua dawa, akawa anaingia mbele anaupiga mpira kabla haujatambaa. Mwende akashindwa seti ya pili, na ya tatu akashindwa vibaya. Hakuchaguliwa. Alilia akiwa amejifunika taulo, nami nilikaa kando yake nikimshikia raketi, kwa sababu hakuna kozi iliyonifundisha la kufanya hapo. Mwalimu wa michezo aliniambia njiani kwamba labda ningemwacha ajaribu sevu ya kawaida tu. Labda. Sijui, Baba. Kama ningejua ningekuambia.

Kwa hiyo usidhani nimekuandikia ili nikuonyeshe kwamba nimekushinda. Sijakushinda, hata mchezo sijashinda. Njia yako bado ndiyo ninayoitumia kwa wengi. Nafagia kiwanja kabla ya kila kitu, naanza na miguu kabla ya mkono, na anayechelewa hachezi. Samaki mkunje angali mbichi, ulikuwa ukisema, na nimewakunja wengi wakawa wazuri. Lakini huyu alikuwa amekwishakunjwa na mtungi, mimi nikazidi kumkunja. Ningeendelea hivyo ningemwondoa kwenye timu na kumwita mkaidi maisha yangu yote, tena ningelala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kushindwa.

Nawe, Baba, nimekuwa nikikufikiria kwa namna ambayo sikuwahi. Uliokota mipira ya watu kwenye kilabu ambako hukuruhusiwa kushika raketi. Ulijifunza kwa kutazama kupitia waya, ukaenda kujaribu ufukweni na kipande cha ubao. Hakuna aliyekuuliza kitu. Ukapata ulichokipata kwa jicho lako tu na kunyamaza kwako, na ukatupa sisi vile vile ulivyokipata, kwa jicho na kwa kunyamaza. Sikulaumu hata chembe. Nilikupenda ukinifokea, na ninakupenda sasa unaponinunia. Ila nimechoka kufundisha nikiwa na hofu ya kuonekana sijui. Umri huu kazi ni nzito tayari, na hofu hiyo ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Nikiitua, niachie nipumue.

Shingo ya Mwende inapata nafuu polepole. Mvua zikinyesha na kisima cha shule kikirudi, huenda mwakani akainua kichwa na kuanzisha mpira kama unavyotaka. Huenda pia akaamua kubaki na wa chini. Nitamuuliza.

Nisalimie mama mdogo Khadija, mwambie halua yake ilifika imevunjika vipande vipande na ikaliwa hivyo hivyo, kamati nzima ya kilabu ililamba vidole. Nisalimie ami Omari, na umwambie kilimani huku hakuna samaki wa maana, asiniulize tena. Shemeji, mume wa Zuhura, mpe pole ya mguu. Watoto wa Zuhura wabusu mmoja mmoja, na yule mkubwa aambiwe raketi niliyomwachia si ya kupigia popo. Salim naye, akija barazani, mpe salamu zangu za dhati. Hakusema uongo.

Baba, amri yako nimeitii mpaka sasa. Tangu simu ile sijakutaja kwa mtu kuwa mwalimu wangu. Lakini tangu nilipowafungulia wasichana hawa mlango wa kuuliza, hawaufungi. Jana tulikuwa tukivuta roli, Mwende upande wake na mimi upande wangu, akaniuliza mbele ya wenzake, “Na wewe, mwalimu, ulifundishwa na nani?”

Wenzake wakasimamisha mifagio wakingoja. Sikumjibu. Nimwambie nini?

Mwanao,
Athumani